Kabla Hujanunua Kitabu cha CCNA

Ukizunguka kwenye meza za vitabu vya mitumba, Dar es Salaam au Nairobi, si ajabu kukuta kitabu kinene kimeandikwa CCNA kwenye jalada, karatasi bado safi, na bei ya kumfanya mwanafunzi asione sababu ya kuondoka mikono mitupu. Kabla ya kutoa pesa, tafuta namba ya mtihani wa cheti hicho cha mitandao cha Cisco, ambayo kwa kawaida huandikwa hapohapo kwenye jalada. Kama ni 640-802, mtihani huo ulikoma mwaka 2013. Kama ni 200-125, ulikoma Februari 2020. Mtihani wa sasa ni 200-301, na ada yake ni dola 300 za Marekani kabla ya kodi. Kwa ada ya namna hiyo, kuokoa shilingi elfu chache kwenye kitabu kilichopitwa na wakati ni hasara.

Si kwamba kitabu cha zamani hakina kitu. Hesabu za anwani za IP ni zilezile, na swichi bado inafanya kazi ileile. Shida ni kwamba kitakuchukulia wiki nzima kukufundisha Frame Relay au EIGRP, ambazo hutatakiwa kuzisanidi kwenye mtihani huu, halafu kisikuambie lolote kuhusu JSON na kuendesha mitandao kwa programu.

Kuna mtego mwingine. Agosti 2024 Cisco ilibadilisha baadhi ya mada na kuliita toleo jipya 1.1, lakini namba ya mtihani ikabaki 200-301. Kwa hiyo namba peke yake haitoshi, angalia pia mwaka wa kuchapishwa. Mabadiliko yenyewe si makubwa: zana za Puppet na Chef zimetoka, Terraform imeingia, na yameongezwa machache kuhusu akili mnemba. Mwenye toleo la kwanza la kitabu kizuri asilitupe. Ajazie mada hizo chache kwingine. Ila anayenunua leo achukue la 2024 au la baada ya hapo, na kabla ya kulipia chochote afungue tovuti ya Cisco kuona kama hakuna toleo jipya zaidi.

Tovuti hiyohiyo ina kitu ambacho wengi hawakigusi, nacho ni orodha rasmi ya mada, na ni bure. Ichapishe. Imegawanyika sehemu sita: misingi ya mitandao asilimia 20, swichi na mtandao usio na waya asilimia 20, kupitisha data kati ya mitandao asilimia 25, huduma za IP asilimia 10, usalama asilimia 15, na uendeshaji kwa programu asilimia 10. Lakini usiishie kwenye asilimia. Soma vitenzi. Kwenye itifaki ya OSPF ya eneo moja wameandika sanidi na thibitisha. Kwenye itifaki za ruta ya akiba, ile inayopokea kazi ruta ya kwanza inapozima, wameandika eleza tu. Hicho ndicho kipimo cha kitabu: kama mwandishi amejaza kurasa za amri pale unapotakiwa kueleza, halafu OSPF akaipitia juujuu, kitabu hicho hakikutungwa kwa ajili ya mtihani huu, hata kama jalada linadai hivyo.

Kupima ufundishaji wenyewe, usisome utangulizi. Karibu kila utangulizi unapendeza. Nenda moja kwa moja kwenye sura ya kugawa mitandao, maana hapo ndipo wanafunzi wengi hukwama. Tuseme kuna swali: kompyuta ina anwani 192.168.10.77/27, iko kwenye mtandao mdogo upi? Kitabu dhaifu kitakujibu 192.168.10.64 na kuendelea na safari. Kitabu kizuri kitakuonyesha kuwa /27 inabakiza biti 5 za vifaa, biti 5 zinatoa anwani 32, hivyo mitandao midogo inaanzia 0, 32, 64, 96 na kuendelea. Namba 77 iko kati ya 64 na 96, basi mtandao ni .64 na anwani ya matangazo ni .95. Vifaa vinapata .65 mpaka .94, jumla 30. Kisha kitamgeukia aliyejibu vifaa 32 na kumwambia alipopotea: amesahau kwamba anwani ya kwanza na ya mwisho hazipewi kifaa. Maelezo ya majibu yasiyo sahihi yana thamani zaidi kuliko jibu lenyewe. Baada ya hapo tafuta mazoezi mengi ya aina hiyo, kwa sababu kwenye chumba cha mtihani hakuna kikokotoo.

Kwa majina, vitabu vya Wendell Odom vya Cisco Press, juzuu mbili, ndivyo vinavyotajwa zaidi, na kwa haki. Kila sura inaanza na maswali mafupi ya kukupima kama tayari unaijua. Ni vizito lakini. Asiye na mazoea ya kusoma kurasa nyingi za Kiingereza cha kiufundi atachoka mapema. Kwa msomaji huyo naona afadhali Acing the CCNA Exam cha Jeremy McDowell, nacho juzuu mbili, kutoka Manning. Lugha yake ni nyepesi, na mwandishi huyohuyo ana masomo ya video ya bure YouTube kwa jina la Jeremy's IT Lab. Todd Lammle ni mcheshi, ila si kila mtu atafuata utani wake. Kitabu cha Allan Johnson cha siku 31 kabla ya mtihani ni cha marudio. Anayeanzia hapo atakariri asichokielewa.

Ukinunua kitabu kilichotumika, uliza kuhusu msimbo wa programu ya mitihani ya majaribio. Vitabu vya Cisco Press huja nao, na aliyekitumia kwanza huenda ameshautumia. Kama ndivyo, bei ishuke.

Kitabu chochote utakachochagua, kiwe na kazi za maabara. Huhitaji kununua ruta. Packet Tracer ya Cisco inapatikana bure ukijisajili Networking Academy, na inakwenda kwenye laptopu ya kawaida. Zoezi zuri haliishii kwenye kuunganisha ruta mbili mpaka ziwe majirani wa OSPF. Linakutaka uharibu: badilisha namba ya eneo kwenye ruta moja, andika show ip ospf neighbor, uone jirani ametoweka, kisha umtafute alikopotelea. Aliyefanya hivyo mara kadhaa hababaiki anapowekewa mtandao mbovu mbele yake kwenye mtihani.

Halafu kuna wanaouza maswali yaliyovuja. Watakuambia hakuna haja ya kitabu. Cisco inakataza jambo hilo kwenye masharti unayokubali kabla ya kuanza, na anayebainika anaweza kufutiwa matokeo na kufungiwa. Mengi ya majibu hayo nayo si sahihi. Na siku ya usaili, mwajiri akikuletea swichi mezani, hakutakuwa na herufi A mpaka D za kuchagua.

Jambo la mwisho ni muda. Mtihani ni dakika 120, na ukishajibu swali huwezi kulirudia. Kwa hiyo majaribio ya wiki mbili za mwisho yafanye kwa mtindo huohuo: saa ikienda, kitabu kimefungwa, hakuna kurudi nyuma. Kila swali ulilokosa liandikie namba ya mada kutoka ile orodha uliyochapisha. Namba ikijirudia mara tatu, rudi kwenye sura yake na maabara yake kabla ya kupanga tarehe, kwa sababu anayeshindwa husubiri siku tano ndipo aruhusiwe tena, na hulipa ada upya yote.