SOMO: TAA ILIYOWEKWA JUU MNO



Katika somo la mwezi huu tunawaalika twende pamoja hadi Cape Point, Afrika ya Kusini, kutazama mnara wa taa wa zamani uliojengwa juu ya jabali. Tumeuchagua kwa sababu ulijengwa kwa nia njema na kwa jasho jingi, lakini haukuwafaa vya kutosha wale waliojengewa. Jambo la namna hii hutokea hata kwetu, basi tulitazame vizuri.

1. Mahali penyewe

Cape Point ni ncha ya mwamba mrefu inayoingia baharini, jirani na Rasi ya Tumaini Jema, safari ya kama kilometa 60 au zaidi kidogo kutoka mjini Cape Town. Watu wengi hudhani kuwa hapa ndipo mwisho wa Afrika upande wa kusini. Sivyo. Mwisho wenyewe ni Cape Agulhas, mbali zaidi upande wa kusini mashariki. Hata hivyo njia hii ya bahari ina sifa tangu zamani. Bartolomeu Dias, baharia Mreno, alipita huku mwaka 1488. Kabla ya Mfereji wa Suez kufunguliwa mwaka 1869, meli za Ulaya zilizokwenda Bara Hindi, na hata zilizokuja pwani yetu ya Afrika Mashariki, zilizunguka hapa. Upepo ni mkali, na miamba mingine imejificha chini ya maji.

Mgeni aweza kupanda mpaka juu kwa miguu, au kwa kigari kinachovutwa kwa kamba ya chuma, kilichoanza kazi mwaka 1996. Ashike kofia yake kwa sababu ya upepo, na chakula chake kwa sababu ya nyani.

2. Kosa

Tukifika juu twauona mnara. Wenyewe ni mfupi. Urefu wote ni wa mlima. Taa yake iliwashwa mara ya kwanza mwaka 1860, karibu mita 240 juu ya bahari. Bila shaka waliochagua kilele walifikiri kama ambavyo sisi sote tungefikiri: taa ikiwa juu zaidi, itaonekana mbali zaidi.

Walisahau mawingu. Mara nyingi ukungu hukifunika kilele hicho, huku chini baharini kukiwa kweupe. Taa iliwaka, lakini nahodha hakuiona. Tena usiku usio na ukungu ilionekana mbali kupita kiasi, na meli zilizotoka upande wa magharibi ziliweza kudanganyika na kusogelea miamba mno.

Usiku wa tarehe 18 Aprili 1911 meli ya abiria ya Kireno, jina lake Lusitania, iligonga mwamba uitwao Bellows Rock, kusini ya ncha hiyo. (Si ile Lusitania ya Waingereza iliyozamishwa vitani mwaka 1915.) Watu wengi waliokolewa, lakini wengine walikufa maji. Miaka 51 ilikuwa imepita tangu taa ile iwashwe.

3. Kusahihisha

Baada ya ajali hiyo ilikubaliwa kuwa taa ishushwe. Kazi ya kujenga mnara mwingine ilianza mwaka 1914, mahali pagumu kufika, chini zaidi kwenye ncha ile ile. Ukawashwa mwaka 1919, mita 87 tu juu ya bahari. Mnara huo wa chini ndio uliochukua kazi ya kuongoza meli. Ule wa juu haukubomolewa. Wageni huupanda kutazama bahari.

4. Tunajifunza nini?

Wengi wetu tumesoma kwa taa ya chemli. Ukiitundika juu kwenye boriti, nyumba nzima yaonekana ina taa, lakini mtoto aliyeketi mkekani na daftari lake haoni maandishi. Ishushe mezani, naye atasoma. Mafuta ni yale yale na utambi ni ule ule.

Waliojenga mnara wa kwanza waliitazama taa wakiwa wamesimama mlimani. Aliyepaswa kuulizwa ni yule aliye chini, melini, usiku, katika ukungu. Nasi tukichimba kisima, tukibandika tangazo, au tukianzisha darasa la watu wazima, tusiridhike kwamba kazi inapendeza machoni petu. Twende tusimame pale anaposimama anayeihitaji, tutazame kutoka kwake.

Wahenga walisema, kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Kuishusha taa kulikuwa ni kukiri mbele ya watu wote kwamba ya kwanza iliwekwa pasipofaa. Kukiri huko kulichelewa, na waliozama hawakurudi. Lakini waliopita baada ya 1919 walipata taa chini ya mawingu.

Maswali ya kuzungumza pamoja

(a) Kwa nini kilele kilionekana kuwa mahali pazuri pa kuweka taa?

(b) Je, katika mtaa wetu iko kazi njema iliyowekwa juu mno? Ni nani asiyeiona?

(c) Ni nini hutuzuia kusahihisha kosa mapema, kabla ya ajali?