Mama Asiuze Ekari ya Zabibu

SWALI: Shangazi, nilimaliza shahada ya uhasibu hapa Dodoma miaka miwili iliyopita. Nimeitwa kwenye usaili mara nne, kazi sijapata. Mama anataka kuuza ekari yetu ya zabibu kule Mpunguzi nikasome shahada ya pili. Anasema siku hizi digrii moja haitoshi. Nifanyeje?
Mhitimu, Dodoma

JIBU: Mwanangu, nilipofika kwenye hiyo ekari katika barua yako, moyo ulinishtuka.

Mama ana hoja. Tangu Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kianzishwe mwaka 2007, ukijumlisha na Chuo Kikuu cha St. John's, Chuo cha Mipango na Chuo cha Biashara (CBE), mji wetu umejaa wahitimu, na serikali ilipohamia huku kila mmoja alitegemea kazi kwenye Mji wa Serikali, Mtumba. Foleni ni ndefu kweli. Ila shahada ya pili haikusogezi mbele kwenye foleni hiyo.

Fungua Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali, usome tangazo la Mhasibu Daraja la II, mstari kwa mstari. Wanataka shahada ya kwanza na, kwenye baadhi ya matangazo, CPA(T), yaani cheti cha taaluma ya uhasibu. Shahada ya pili hawaiulizii. Kwenye usaili wa mchujo nako mnafanya mtihani uleule, na vyeti vya ziada havikuongezei alama. Ukiwa na ndoto ya kufundisha chuo kikuu, na GPA yako inafika 3.8, hapo tutazungumza mengine. Wengine wengi husoma shahada ya pili wakishaajiriwa, wanapotaka kupanda.

Kwa hiyo nguvu zako zielekeze kwenye CPA. Makao makuu ya NBAA, bodi ya wahasibu inayotoa cheti hicho, yako hapahapa Dodoma. Nenda na cheti na matokeo yako, uulize utaanzia hatua gani na ada ni kiasi gani. Mitihani ya Mei na Novemba unaweza kujisomea nyumbani jioni, huku mchana ukifanya kazi. Vyama vya ushirika vya wakulima (AMCOS) na wenye maduka ya pembejeo wanahitaji mtu wa kuwafungia hesabu. Anza hata kwa malipo kidogo, upate cha kusema utakapoulizwa kwenye mahojiano umewahi kufanya nini.

Mizabibu ya Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka. Ada ya mtihani itoke kwenye mavuno, shamba libaki. Jioni moja kaa na mama, msomee lile tangazo taratibu, sifa moja baada ya nyingine, kabla hajaongea na mnunuzi.