Tununue Gari la Petroli au la Dizeli?



Katika Mkoa wetu wa Ruvuma kulima ni kazi moja, na kuufikisha mzigo sokoni ni kazi nyingine. Mkulima wa Mbinga, Namtumbo au Madaba anaweza kuvuna mahindi mengi, lakini gari likishindwa mlima, faida yote inabaki njiani. Kwa sababu hiyo vikundi vingi huchanga fedha vinunue gari la mizigo. Hapo mabishano huanza. Mmoja anasema: "Tuchukue la petroli, bei yake nafuu." Mwingine anajibu: "Ah, bila dizeli yenye turbo mlima hatupandi!"

Nani anasema kweli? Katika somo hili tutaona jinsi injini hizi zinavyofanya kazi, kisha tutafanya hesabu. Fedha ya kikundi ni jasho la watu wengi. Tusiitumie kwa kubahatisha.

1. INJINI MBILI, NJIA MBILI ZA KUWASHA MOTO

Kila injini ya gari huchoma mafuta ndani ya silinda. Moto unaisukuma pistoni, pistoni inazungusha krenki, na mwisho magurudumu yanazunguka. Tofauti iko katika namna ya kuwasha moto huo.

Katika injini ya petroli, hewa na petroli hubanwa pamoja, kiasi cha mara 10 hivi. Kisha plagi inatoa cheche na moto unawaka.

Injini ya dizeli haina plagi ya cheche. Hubana hewa peke yake, tena hubana sana, kiasi cha mara 15 hadi 20. Je, umewahi kujaza upepo katika baiskeli? Ukisukuma kwa nguvu, pampu inapata joto mkononi. Ndivyo ilivyo katika dizeli. Hewa ikibanwa sana inakuwa ya moto mkali. Hapo nozeli inanyunyiza dizeli, na dizeli inawaka yenyewe.

Aliyebuni injini hii ni Mjerumani, Rudolf Diesel. Injini yake ilifanikiwa mwaka 1897 katika mji wa Augsburg. Neno "dizeli" ni jina lake.

Kubana huko kuna faida. Injini ya dizeli hupata kazi nyingi zaidi katika mafuta yake. Tena lita moja ya dizeli ina nishati zaidi kuliko lita moja ya petroli, kiasi cha asilimia 10 au zaidi. Jambo jingine: dizeli huvuta kwa nguvu hata injini ikizunguka polepole. Injini ya petroli ya kawaida hutaka izungushwe kwa kasi ndipo ivute. Ndiyo maana matrekta, mabasi makubwa, na malori yanayobeba makaa ya mawe kutoka Ngaka, wilayani Mbinga, hutumia dizeli.

2. TURBO NI NINI?

Watu wengi hulitaja neno hili, lakini ukiwauliza maana yake wananyamaza. Turbo si mafuta, wala si injini ya pili. Ni kipuliza hewa. Moshi unaotoka katika injini huzungusha gurudumu dogo. Gurudumu hilo limeunganishwa na feni upande wa pili, na feni husukuma hewa nyingi ndani ya silinda. Hewa ikiwa nyingi, mafuta mengi zaidi yanaweza kuungua vizuri, na nguvu inaongezeka. Mfikirie mhunzi na mivukuto yake. Akivukuta, moto unakuwa mkali. Mswisi mmoja, Alfred Büchi, ndiye aliyesajili uvumbuzi huu mwaka 1905.

Kwetu sisi turbo ina maana ya pekee. Songea iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na milima ya Umatengo iko juu zaidi. Kadiri tunavyopanda ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi. Injini isiyo na turbo hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000. Turbo hurudisha sehemu kubwa ya nguvu hiyo, kwa sababu husukuma hewa kwa lazima.

Petroli nayo inaweza kuwa na turbo. Huko Marekani, kampuni ya Ford iliweka injini ya petroli yenye turbo mbili katika pikapu yake ya F-150 ya mwaka 2011. Injini ya namna hiyo huvuta vizuri hata ikizunguka polepole. Lakini ikivuta mzigo mzito mlimani, hunywa petroli nyingi. Kwa hiyo turbo peke yake haigeuzi petroli kuwa dizeli.

3. SASA TUFANYE HESABU

Chukueni kalamu na daftari. Tarakimu hizi ni za mfano tu. Ninyi mtaweka za kwenu.

Tuseme kikundi kinataka pikapu ya kuvuta tela la mahindi. Safari ni kilomita 200, kwenda na kurudi. Ya petroli inatumia lita 20 kwa kila kilomita 100. Ya dizeli yenye turbo inatumia lita 14. Tuseme pia kila lita ni shilingi 3,000.

Petroli: lita 40 × 3,000 = shilingi 120,000
Dizeli: lita 28 × 3,000 = shilingi 84,000
Akiba kwa safari moja = shilingi 36,000

Lakini pikapu ya dizeli inauzwa ghali zaidi. Tuseme imezidi kwa shilingi 4,500,000. Je, ni safari ngapi zitarudisha fedha hiyo?

4,500,000 ÷ 36,000 = safari 125

Sasa angalieni vizuri, maana jibu lote liko hapa. Kikundi kinachosafiri mara tatu kwa wiki kitamaliza safari 125 katika wiki 42. Hata mwaka haujaisha! Lakini kikundi kinachosafiri mara mbili tu kwa mwezi kitahitaji miezi 63, yaani zaidi ya miaka mitano. Kikundi hicho, kama mzigo wake ni mwepesi, huenda petroli ikakifaa zaidi. Au kiendelee kukodi gari, fedha yake ifanye kazi nyingine.

Kwa hiyo wale wawili waliobishana, kila mmoja anaweza kuwa na haki. Mzigo mzito, milima mingi na safari nyingi: chagueni dizeli yenye turbo. Mzigo mwepesi na safari chache: msione haya kuchagua petroli.

Bei ya mafuta msiulize barabarani. EWURA hutangaza bei za kikomo kila mwezi, na orodha yake huonyesha miji na wilaya mbalimbali. Someni mstari wa Songea au wa wilaya yenu. Hii ndiyo faida ya kujua kusoma.

4. DIZELI INATAKA MATUNZO

Dizeli ina nguvu, lakini haipendi uchafu. Pampu na nozeli zake zimetengenezwa kwa vipimo vidogo sana. Kuziharibu ni rahisi, kuzitengeneza ni ghali. Katika hesabu yenu wekeni pia fungu la matengenezo.

(a) Msitie petroli wala mafuta ya taa katika gari la dizeli. Dizeli ndiyo inayolainisha pampu. Mkiichanganya, pampu inasagika.
(b) Mwageni maji yanayokusanyika chini ya chujio la dizeli. Maji ni adui wa nozeli.
(c) Safisheni au badilisheni chujio la hewa mapema, hasa wakati wa vumbi.
(d) Badilisheni oili kwa wakati. Turbo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja. Oili chafu huiua.
(e) Mkimaliza kupanda mlima mkali na mzigo, msizime injini papo hapo. Iacheni iungurume polepole dakika moja au mbili ipoe.

Petroli nayo ina hatari yake. Mvuke wake hushika moto upesi sana. Msiweke madumu ya petroli ndani ya nyumba mnamolala.

5. KABLA YA KUTOA FEDHA

Nendeni na fundi mnayemwamini, siyo fundi wa muuzaji. Washeni injini ikiwa baridi, kisha liendesheni gari likiwa na mzigo. Tazameni moshi. Moshi wa buluu maana yake injini inaunguza oili. Pengine turbo au ringi zimechakaa. Moshi mweusi mwingi maana yake hewa haitoshi au mafuta yamezidi. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikipata moto, nao ni dalili mbaya. Kisha someni wenyewe kadi ya gari. Namba ya injini na namba ya chesisi zilingane na zile zilizo katika gari. Zikihitilafiana, rudini nyumbani na fedha yenu.

Mwisho, injini yenye nguvu ya kupanda haitoshi kuteremka. Dereva ateremke kwa gia ndogo, ile ambayo angepandia mlima uleule. Asiweke frii ati anabana mafuta. Mzigo utalisukuma gari, breki zitapata moto na kushindwa. Gari hununuliwa tena, lakini watu waliopanda juu ya magunia hawanunuliwi. Na watu hao hawakupaswa kupanda juu ya mzigo hata kidogo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Injini ya dizeli inawashaje moto bila plagi?
2. Kwa nini turbo husaidia zaidi katika nchi ya milima?
3. Kikundi chenu kina safari ngapi kwa mwezi, na mzigo wa kilo ngapi? Rudieni hesabu ya sehemu ya 3 kwa tarakimu zenu.
4. Nani atatunza daftari la oili, machujio na mafuta ya gari?