UHURU WA KULA NA WAJIBU WA KUHURUMIA

Somo la mwezi. Tusome kwanza: Mwanzo 9:1–4; Kumbukumbu la Torati 25:4; Mithali 12:10; Warumi 14.



Siku hizi wako vijana wetu wanaorudi kutoka mjini na neno lililo geni kwetu. Wanasema kwamba mnyama ana haki zake, na kwamba alaye nyama ni muuaji. Wazee wakisikia hukasirika. Hujibu, "Mbuzi ni wangu, kisu ni changu. Nani wa kuniuliza?" Basi, tuyapime maneno hayo mawili, la kijana na la mzee, tuone yatupasa nini sisi wakulima.

1. Ruhusa tuliyopewa

Baada ya gharika, Nuhu na wanawe waliruhusiwa kula nyama. Kwa hiyo hatuna sababu ya kuona haya mezani. Tena kwetu pwani ya Mtwara nyama si chakula cha kila siku. Twala ugali wa muhogo kwa samaki au kisamvu. Mbuzi twamchinja siku ya harusi, ya jando au ya Krismasi. Mbuzi ni akiba ya nyumba: akiuzwa, mtoto apata sare na madaftari. Na katika bonde la Ruvuma, kule Kitaya na Mahurunga, mkulima hukesha katika dungu akipiga debe ili nguruwe pori wasimalize shamba. Mtu ambaye hajapata kulala njaa kwa sababu ya nguruwe asifanye haraka kumhukumu.

2. Mpaka wa ruhusa

Lakini tuangalie vema. Nuhu aliporuhusiwa nyama, alikatazwa damu. Maana yake uhai wa mnyama ni mali ya Mungu, si mali yetu. Torati ikamkinga hata ng'ombe wa kupura, asizibwe mdomo awapo kazini. Na Mithali yatuonya kwamba wema wa mtu huonekana hata zizini mwake.

Sasa tujipime wenyewe. Twawafunga kuku miguu, twawaning'iniza vichwa chini kwenye baiskeli, toka kijijini hadi soko la Mtwara. Mbuzi tumewaona wamefungwa miguu yote minne, wamelazwa juani tangu asubuhi, hawana hata tone la maji. Twatega waya porini, kisha twausahau. Mnyama hukaa siku mbili akijikata mguu. Twachinja kwa kisu butu kwa uvivu wa kukinoa. Je, mateso hayo yaongeza nyama hata ratili moja? Hayaongezi. Kuku angaliweza kuwekwa katika tenga, mbuzi angaliweza kufungwa kivulini. Mzee asema kweli kwamba mbuzi ni wake; lakini amepewa amle, hakupewa amtese.

Nchi yetu nayo ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza ukatili kwa mnyama. Na pwani yetu, tangu mwaka 2000, kuna Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Wengine hunung'unika kwamba wamenyimwa nyama ya kasa na mayai yake. Lakini kasa huchukua miaka 20 na zaidi kabla ya kurudi pwani kutaga. Tukimla leo na mayai yake yote, wajukuu wetu watasikia habari zake tu.

3. Watetezi wa wanyama walianzia wapi

Watu wengi hudhani utetezi huu ni jambo la wasioamini. Sivyo. Mwaka 1824, huko London, kasisi wa Kianglikana, Arthur Broome, aliwakusanya watu kuanzisha chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama. Mwaka 1826 alifungwa gerezani kwa sababu ya madeni ya chama hicho. Mmoja wa wenzake alikuwa William Wilberforce, yule yule aliyepigania kukomeshwa kwa biashara ya watumwa. Sisi tunaojua kwamba misioni ya Masasi ilianzishwa mwaka 1876 pamoja na watu waliokombolewa utumwani, twaweza kuelewa: moyo uliokataa mnyororo wa mtu haukuweza kuupuuza mjeledi juu ya punda.

Tena katika chama kile alikuwamo Lewis Gompertz, Myahudi, ambaye hakula nyama kabisa. Alikuwa katibu wao, akafanya kazi na wenzake walao nyama. Wala hawakuhitaji kula sahani moja ili kuzuia fimbo moja.

4. Tusihukumiane

Hapa ndipo Mtume Paulo atufundishapo katika Warumi 14: alaye na asiyekula wote ni wa Bwana. Jirani yetu Mwislamu hali nguruwe. Basi tusipitishe nyama hiyo mlangoni pake kwa kejeli. Wako walao panya wa shamba na wako wanaowacheka; wasichekwe. Nasi wenyewe huacha nyama Ijumaa na wakati wa Kwaresima, na hatupendi kudharauliwa. Kijana aliyeacha nyama, mama asimlazimishe. Lakini naye asimwite muuaji baba yake, ambaye mbuzi wake walimlipia shule.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Katika nyumba yetu, ni mnyama gani anayeteswa bila faida?
2. Wafanyao biashara ya kuku waweza kuanzaje kutumia matenga?
3. Je, kuna mtu tuliyemdharau kwa sababu ya chakula chake? Tutapatanaje naye?

Tuombe. Ee Mungu, uliyeumba samaki, ndege na wanyama wa kondeni, utupe shukrani tunapokula, na huruma tunapochinja. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.