Kugawa Msaada Handeni na Korogwe: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Maagizo haya ni ya kila anayeshika daftari la msaada kijijini: mwenyekiti, mtendaji, mwanakamati wa kanisa au msikiti, na mfadhili anayeleta mahindi kutoka mjini.

USIFANYE

Usimpe mwenye njaa chakula kwa rehani. Uzigua, nchi hii ya Wazigua, inaijua rehani hiyo. Katika njaa ya miaka ya 1830 Wazigua wengi walipanda majahazi kwa ahadi ya kazi na chakula, wakaishia utumwani kusini mwa Somalia. Njaa iliporudi miaka ya 1880, wapo waliojiweka rehani wenyewe au watoto wao kwa matajiri wa pwani ili wapate nafaka. Waliotoroka utumwa huko Somalia walijenga kando ya Mto Juba, wakakishika Kizigua chao vizazi hata vizazi. Vita vya Somalia vya 1991 viliwarudisha baadhi ya wajukuu wao Handeni, na mwaka 2003 yakafunguliwa makazi yao ya Chogo. Kwa hiyo usidai shamba, mbuzi, siku za kulimiwa wala kura kwa debe la mahindi. Hata "nitakukumbusha" usiseme.

Usiwapime watu kwa tabia. London, mwaka 1869, kiliundwa chama kilichotuma wakaguzi majumbani kuwatenga maskini "wanaostahili" na "wasiostahili". Ni ukatili. Mtoto wa mlevi ana njaa ileile.

Usimpige picha anayepokea.

Usikate mchango wowote kwenye ruzuku ya mlengwa wa TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii. Mwenge, darasa, choo cha zahanati: mchango una siku yake, na meza ya malipo si mahali pake.

FANYA

Soma majina yote kwa sauti mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, kisha bandika orodha ukutani. Jina la nduguyo likiwamo, litaje kwanza wewe mwenyewe, uwaache wengine waamue.

Pima kwa mizani, mchana, watu wakitazama.

Mfuate asiyeweza kuja. Bibi anayelea wajukuu peke yake, mgonjwa na kipofu wapelekewe nyumbani kabla wenye nguvu hawajapanga foleni. Wenye nguvu wapewe kazi ya malipo, kama kuchimba lambo, na walipwe kwa wakati.

Toa mbegu pamoja na chakula, na uziwahishe kabla ya mvua. Hili hupuuzwa sana, nalo ndilo huzaa njaa ya mwaka wa pili: kaya iliyokula mbegu yake hutazama masika ikipita bila kupanda. Handeni mvua huchelewa na kukatika, kwa hiyo leta mtama na vipando vya muhogo, usitegemee mahindi peke yake.

Malalamiko yasikilizwe hadharani, kabla ya ajenda nyingine yoyote.

Asiyeweza kuyatimiza haya arudishe daftari leo, apewe mwingine.