Kinda Mgeni Bustanini

Katika bustani za Nairobi, mtu awekapo nafaka juu ya kibao cha ndege, mnana, yule wa manjano asukaye kiota, hakawii kufika. Pengine, wakati wa mvua, mnana huonekana akimlisha kinda asiyefanana naye hata kidogo: mdomo mwekundu, mgongo wa kijani au wa kahawia, kifua cheupe chenye madoadoa.

Wengi humdhani yatima, wakamtia tunduni. Kwanza na itazamwe miguu yake. Mnana ana vidole vitatu mbele na kimoja nyuma. Kinda huyu anavyo viwili mbele na viwili nyuma. Tena mdomo wake mwembamba haufai kuvunja punje. Huyo ni kekeo, aitwaye na Wazungu Diederik kwa kuufuatisha mlio wake. Mamaye hutaga yai katika kiota cha mnana, nalo hufanana sana na mayai ya mwenye nyumba. Kinda, angali kipofu, huyasukuma mayai mengine yakaanguka nje. Jambo hili huchukiza, lakini ndivyo alivyoumbwa.

Chakula chake ni wadudu, hata viwavi wenye manyoya ambao ndege wengi huwakataa; akipewa unga au mtama tunduni hatadumu. Basi aachwe mtini, mlezi wake amlishe mpaka aweze kujitafutia.