Vyama vya Siasa Ulaya: Kutoka Itikadi hadi Sera

Swali: Kwa mfano mmoja, eleza jinsi chama cha siasa kinavyogeuza itikadi kuwa sera.

Usiishie kuorodhesha kazi za vyama, onesha hatua. Nchini Uingereza, chama cha Labour, kikifuata itikadi ya ujamaa, kiliahidi huduma za afya kwa wote katika ilani ya uchaguzi wa mwaka 1945. Kilishinda, Bunge likapitisha sheria mwaka 1946, na matibabu ya bure yakaanza tarehe 5 Julai 1948. Chama cha Conservative kiliupinga muswada huo, lakini kiliporudi madarakani mwaka 1951 hakikuifuta huduma hiyo, kwani wananchi waliithamini.

Kumbuka: itikadi huzaa ilani, kura huipa ilani nguvu, na kura zijazo hukibana hata chama kilichopinga. Usiisahau hoja hii ya mwisho. Ndiyo demokrasia yenyewe.